Kazi Moja Ndogo Kila Sabato

Chepkurui, Mlima Elgon
Jumapili, 21 Januari 2024

Baba Jebet,

Hujambo huko kwenye joto lako? Huku sisi tu wazima. Jebet amepona kikohozi, yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na vumbi la Januari limeingia hadi ndani ya sufuria. Naandika kwa kalamu kama kawaida yetu, Jebet atapiga picha akutumie, maana tukipigiana simu tunaishia kugombana na mtandao.

Walikuja. Marabi watatu, na mama mmoja wa makamo wa kuwasimamia wanawake. Walikaa siku tatu kwa Mwalimu Henry wakituita mmoja mmoja: Sabato mnaishikaje, jikoni mnatenganishaje nyama na maziwa, na kwa nini mnataka kubeba mzigo ambao hamkuzaliwa nao. Siku ya nne wakatupeleka mtoni, pale kwenye kidimbwi chini ya daraja. Marabi walisimama nyuma ya turubai wakisikiliza, nasi tukazama mara tatu. Maji yalikuwa baridi ya kukata mifupa. Nilipotoka nililia kama mtoto, na Jebet akanicheka, kisha naye akalia. Watu thelathini na wanne. Sasa sisi ni Wayahudi kwa sheria, hakuna tena mtu wa kusema tunaigiza.

Sasa kaa chini kwanza. Waliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema yuko Doha, ni bawabu, likizo yake ilifutwa kwa sababu ya Kombe la Asia, na yeye ndiye aliyetuanzishia haya yote. Wakanong'onezana sana. Nusura wanirudishe nyumbani. Mwisho yule mkubwa wao akasema: aliyezama ni kama mtoto aliyezaliwa leo, na mwanamke Myahudi hawezi kuwa mke wa mtu wa mataifa, yaani asiye Myahudi. Mpaka uzame wewe, mimi kisheria si mke wako. Ukija likizo hutalala katika nyumba hii. Baraza lao hili la marabi litarudi Novemba. Ukizama, watatufungisha ndoa upya.

Nilikubali. Nakuambia mwenyewe usije ukalisikia kwa watu. Nilijua ulivyoitamani siku hii kutushinda sisi sote, nikaona nikikataa nitakuwa nimekutupia kazi yako ya miaka ishirini. Kama nimekosea niambie.

Mama Jebet

*

Al Rayyan
Jumapili, 4 Februari 2024

Mama Jebet,

Salamu nyingi kwako, na kwa binti yangu, na kwa huyo ndama. Mimi mzima wa mwili. Usidhani kimya cha wiki mbili ni kununa. Au tuseme kweli: nilinuna.

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye basi la kampuni linalotutoa hapa bwenini kwenda kazini, nikaisoma tena getini, magari ya wakubwa yakipiga honi nifungue. Hapa kwenye kile kisiwa cha kutengeneza, The Pearl, mtu akichelewa kufunguliwa sekunde tatu anaona amevunjiwa heshima. Nikawa nabonyeza kitufe, kizuizi kinapanda, kinashuka, nami najiuliza: Cyrus, wewe ni nani?

Maana nikumbushe kidogo. Ni mimi na Henry tuliomuuliza pasta kwa nini tunapumzika Jumapili na Kitabu kinasema siku ya saba. Pasta akatupa chai, jibu hakutupa. Ni mimi niliyekataa nyama ya nguruwe nyumbani kwa mama yangu mzazi hadi akaniambia nikale kwa hao Waisraeli wangu. Kiwanja cha nyumba ya sala nilikitoa mimi. Sasa wote mmeingia ndani, na mwenye kufungua mlango amebaki nje akiwafungulia watu wengine mlango.

Hata jina langu linanicheka. Cyrus ndiye yule Koreshi wa Kitabu, mfalme wa mataifa aliyewarudisha Wayahudi kwao, halafu yeye akabaki kwake.

Huku nimejificha vizuri. Ofu ya Ijumaa nimempa Rodney, yule wa Bomet ninayelala naye chumba kimoja, naye akanipa Jumamosi yake. Watu wananiita Msabato, na siwakatazi. Neno Myahudi siku hizi hapa linatamkwa kwa uchungu tu, kwa vita vile vinavyoonyeshwa kwenye televisheni kila saa. Nami nikiwaona watoto wale nalia kama wenzangu. Basi nanyamaza.

Hukukosea. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na nasema hukukosea. Lakini nimekasirika, na hasira sina pa kuipeleka isipokuwa kwako.

Likizo niliyosogezewa hadi Aprili nimeihamishia Novemba. Supavaiza wetu Proscovia, Mganda mmoja asiyecheka, amekubali, ila amesema ni hiyo tu, nyingine mpaka mwisho wa 2026. Muulize Henry neno moja: kuanzia leo hadi Novemba, mimi ni nani?

Baba Jebet

*

Chepkurui
Jumapili, 25 Februari 2024

Baba Jebet,

Za huko? Umekula? Rodney asikushibishe mkate na chai ya maziwa tu. Sisi tumeshatayarisha shamba, tunaingoja mvua.

Swali lako nimelipeleka kwa Henry. Kwanza alitafuna ndevu, unamjua. Kisha akasema hivi, nami naandika alivyosema. Wewe ni mtu wa mataifa mwenye haki. Zipo amri saba alizopewa Nuhu, zinawahusu watu wote, na anayezishika ana fungu lake katika ulimwengu ujao. Hudaiwi zaidi ya hapo. Lakini huhesabiwi katika wale wanaume kumi wa sala, na divai ukiimimina wewe hatuwezi kuinywa. Akasema si kwamba unadharauliwa. Nikamwambia hilo akwambie yeye mwenyewe, mimi siwezi kulisema huku nikikuangalia usoni, hata kwenye karatasi.

Kuna jingine, na hili ndilo gumu. Marabi walisema mtu ambaye hajaingia hana ruhusa ya kuishika Sabato nzima. Sabato ni agano kati ya Mungu na Israeli, na aliye nje akiishika yote amechukua kisicho chake. Kwa hiyo wanaojiandaa wanafanya kila Sabato kazi moja ndogo, makusudi, ili siku isiwe kamili. Wanawasha kiberiti, au wanaandika maneno mawili. Wewe pia ufanye hivyo hadi Novemba. Baraza litauliza.

Najua. Miaka ishirini na mbili hujawahi kushika kalamu siku hiyo. Mwaka ule Jebet alipozaliwa Sabato ulikataa kusaini karatasi ya hospitali hadi nyota tatu zikaonekana na Sabato ikaisha, na yule nesi akadhani unamkana mtoto. Sasa unaambiwa uivunje kwa utii. Mimi ningeambiwa hivyo ningetupa sahani. Lakini ifanye, tafadhali. Nakuomba kwa sababu nataka urudi nyumbani.

Mama Jebet

*

Al Rayyan
Jumamosi, 2 Machi 2024

Mama Jebet,

Leo ni Sabato na ninaandika.

Nimekaa kitandani asubuhi, Rodney yuko zamu. Nimesali sala zote. Kisha nikachukua kalamu, nikaiweka chini, nikaichukua. Unaona mwandiko ulivyopinda hapo juu? Ni mkono wa mwizi wa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeamua niandike maneno mawili tu, jina langu na tarehe, yaishe. Halafu nikaona kama lazima nitende dhambi, heri niitende nikizungumza na wewe.

Mungu anisamehe, au asinisamehe, sijui siku hizi niombe lipi. Nimemwambia: ni kwa amri ya watu wako. Kazi yangu ya Sabato itakuwa kukuandikia barua. Sitaipiga picha leo. Kazi moja inatosha, nitaituma kesho.

Salamu kwa Jebet. Mwambie baba yake leo ametenda kile alichomfundisha asikitende.

Baba Jebet

*

Chepkurui
Jumapili, 12 Mei 2024

Baba Jebet,

Hujambo? Sisi wazima, mvua imeshuka vizuri, mahindi yamefika magotini.

Barua zako zinafika kila Jumapili. Sasa ni kumi na moja. Nilizichapisha Kitale, pale kwenye saiba ya kompyuta karibu na stendi, maana simu ya Jebet inafuta vitu yenyewe. Kijana wa saiba akaniuliza, mama, hizi ni za mahakamani? Nikamwambia, ni kama za huko.

Nikuambie ukweli? Siku nzima ya Sabato, wenzangu wakiimba, mimi nawaza: sasa hivi anaandika. Jua likifika juu ya paa la nyumba ya sala nasema, amemaliza ukurasa wa kwanza. Nafurahia siku ya Mungu kwa sababu wewe unaivunja. Sijui kama ni dhambi, na sijamuuliza Henry, kwa sababu naogopa atasema ndiyo.

Miaka sita umekuwa Doha na hujawahi kuniandikia namna hii. Zamani ulikuwa unaniuliza habari za ng'ombe tu.

Mama Jebet

*

Al Rayyan
Jumamosi, 20 Julai 2024

Mama Jebet wangu,

Hali gani? Hapa joto si la kusimulia. Wiki hii Bradley, kijana wa Kakamega, alianguka getini akapelekwa hospitali, amerudi lakini anatembea ameshika ukuta. Mimi wamenihamishia ndani, kwenye lango la chini la maegesho ambako kuna kivuli. Usiwe na wasiwasi.

Jumapili hadi Ijumaa nakusanya vitu vya kukuambia. Nikimwona mama wa Kifilipino akimsuka mtoto wa tajiri wake, nasema hilo la Jumamosi. Nikinusa vitunguu vinakaangwa chumba cha jirani, nasema hilo pia. Ikifika Sabato nina mengi hadi nasahau sala ya adhuhuri. Leo nimeisahau. Nimekumbuka nikiwa katikati ya ukurasa, na nikaendelea kuandika.

Nakumbuka ulivyosimama mlangoni siku niliyoondoka, umefunga leso ya kijani, umekasirika kwa sababu nilisahau kula. Nakumbuka sauti yako ukimwita Jebet kutoka ng'ambo ya bonde. Mambo madogo. Miaka yote hii nilikuwa nimekuoa na sikukutazama sawasawa, macho yangu yalikuwa kitabuni. Sasa wameniambia wewe si wangu, ndipo nakuona.

Novemba nitazama kwenye kidimbwi hicho hata kama kina mamba.

Cyrus wako

*

Chepkurui
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Baba Jebet,

Mwaka mwema. Tumeuingia mwaka mpya wa Kiyahudi kwa tufaha na asali. Tufaha lilikuwa moja kwa watu wanane, lakini tumeuingia. Unaendeleaje na mgongo?

Baraza limethibitisha: tarehe kumi na nane hadi ishirini Novemba. Henry amekutayarishia kitanda kwake. Usikasirike, na usije hapa kwanza, nenda moja kwa moja kwa Henry, watu wana macho. Tutaonana mezani kwa Sabato, mbele ya wote. Nimeshona gauni. Wamesema nisivae kama bibi harusi kabla ya wakati, kwa hiyo nimelishona la kawaida, lakini wewe utalijua.

Umebakiza majuma machache. Usikose Sabato hata moja kuandika. Baraza lisije likapata sababu.

Mama Jebet

*

Al Rayyan
Jumanne, 3 Desemba 2024

Mama Jebet,

Salamu. Nilifika salama Jumapili. Carolyne, nesi mmoja wa Moiben, tulikuwa naye ndege moja, alinigawia chakula kwa sababu nilikuwa sijui kama nina njaa.

Niliondoka bila kukuaga na nimeona aibu. Henry alikuambia nimekataliwa, lakini najua hakukuambia yaliyosemwa mle chumbani, kwa hiyo nakuambia mimi.

Kwanza ile meza ya Ijumaa. Siku tatu kabla ya baraza, nimekaa mkabala na wewe na gauni lako, sithubutu hata kukupitishia chumvi. Nikajisahau. Nikashika ile chupa ya divai iliyotoka Nairobi nimmiminie binti yangu kidogo, na Jebet akaruka, akasema, Baba, usiiguse! Hakuwa na ubaya, alitaka tu isiharibike. Nyote mkatazama sahani zenu. Asubuhi kwenye sala walikuwepo wanaume tisa, na mimi. Tukamngoja Mzee Mutai ajikongoje kutoka ng'ambo kwa fimbo yake ili wawe kumi. Nilimngoja nikiwa nimekaa ndani ya nyumba niliyoitolea kiwanja. Hayo yote niliyameza. Nilisema ni siku chache.

Jumatatu nikaingia mbele ya watatu. Waliniuliza sheria, nikazijibu zote. Waliniuliza Sabato, nikawaambia kila Sabato niliandika barua. Yule mkubwa akatabasamu, mzee mpole, akasema anajua. Kisha akaniuliza: Ukiingia leo, na mke wako akasema hataki tena kuolewa na wewe, bado utaingia?

Mama Jebet, mwaka jana ningejibu kabla hajamaliza. Miaka ishirini na mbili ningejibu. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, na sikuliona neno hilo popote ndani yangu. Niliona gauni lako. Nikatafuta tena. Yule mwingine akanipa maji.

Nikasema, sijui.

Akasema, asante kwa kusema kweli. Mtu haingii katika Israeli kwa ajili ya mwanamke, hata mwanamke mwema. Rudi, ujipime, baraza linarudi baada ya miaka miwili. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ningependa angenifukuza kwa ukali, ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Kitu kimoja hakinitoki kichwani. Swali lile lilinikuta uchi. Henry hakuulizwa namna hiyo, wala Mutai. Walijuaje mahali pa kunichoma?

Jumamosi iliyopita sikuandika kitu. Nilikuwa safarini.

Cyrus

*

Chepkurui
Jumapili, 15 Desemba 2024

Cyrus,

Natumaini uko mzima. Jebet mzima. Mimi silali vizuri, lakini nafanya kazi zangu.

Nitakujibu swali lako, na ukimaliza kusoma unaweza kunichukia, hapo utakuwa umempata mtu uliyekuwa unamtafuta.

Ni mimi. Baraza liliniita kabla yako, Jumatatu ile ile asubuhi. Waliniuliza kama mume wangu ametii lile agizo la Sabato. Nikasema, ametii kuliko mtu yeyote, na ushahidi ninao. Nilikuwa nimebeba faili. Barua thelathini na saba, zimechapishwa, nimezipanga kwa tarehe, kila moja Jumamosi, hakuna pengo. Niliziweka mezani kwa kiburi, nakuambia kweli, nilijiona wakili. Nilitaka waone mwanamume aliyevunja moyo wake kila wiki kwa sababu wao wamesema.

Hawasomi Kiswahili. Henry akaanza kuwafasiria. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, yule mkubwa anaitikia kwa kichwa. Mungu yumo kila mstari, unabishana naye, unamlilia. Ilipofika ile ya Julai Henry akapunguza sauti. Mimi nilikuwa najua kila neno lake kwa moyo, na pale ndipo nilipoyasikia mara ya kwanza jinsi mtu mwingine anavyoyasikia. Ile ya sala uliyoisahau. Pale pa leso ya kijani. Za Agosti zote tano. Za Septemba zote nne. Kuanzia Agosti hadi Novemba hakuna mahali hata pamoja umelitaja jina la Mungu. Yule mzee aliondoa miwani akaifuta. Hakusema lolote baya. Alinirudishia faili akasema, mama, unapendwa.

Nilitoka nikijua, na wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi pale nje na shati lako jeupe, ukanitabasamia. Sikuweza kukuambia. Nimekula njama na kalamu yako dhidi yako.

Nimewaza sana kama nina hasira nao. Ninayo. Wao ndio waliokuambia uandike. Lakini hawakukuambia uniandikie mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa juani nahesabu kurasa zako badala ya kusali. Waliuliza swali la haki. Ningeulizwa mimi leo kama bado nitataka kuwa Myahudi hata baba yake Jebet asipokuja kamwe, ningesema ndiyo, na ningesema nikilia. Wewe ulikuwa na jibu hilo zamani kuliko mimi. Tumekunyang'anya, kidogo mimi, kidogo wao, kidogo Jumamosi zenyewe.

Nilifikiri pia kuyaacha yote. Nilimwambia Henry, basi nitarudi nilikotoka, niwe mke wake kama zamani. Akasema hakuna kurudi, aliyezama amezama, hata akiiacha Sabato ni Myahudi aliyeiacha Sabato. Mlango huo unafunguka upande mmoja tu.

Na wala sitaki kuuacha. Hilo ndilo linaloniuma nikikuandikia.

Henry anasema ipo njia moja, na nimeipinga wiki mbili nikashindwa. Baraza likirudi watakuuliza swali lile lile. Ukiwa na mimi kila wiki kwenye karatasi, utawajibu vile vile, kwa sababu wewe hujui kudanganya na mimi sitaki ujifunze. Kwa hiyo hii ndiyo barua yangu ya mwisho mpaka mwisho wa 2026. Usinijibu. Ukinijibu nitasoma, na nikisoma nitajibu. Jebet atakuandikia wakati wowote anaotaka, wewe ni baba yake. Henry alifungua mdomo kusema kwamba kisheria aliyezama hana baba, nikamwambia aufunge.

Rudi kitabuni. Gombana na Mungu kama zamani. Kazi ndogo ya Sabato bado ni lazima uifanye, lakini usiandike. Washa taa, uizime.

Usipokuja nitajua umejipima ukaona si njia yako, na sitakulaumu. Ukija, uje kama mtu ambaye huku hakuna anayemngoja. Usiniwaze, Cyrus. Jitahidi usiniwaze.

Mama Jebet